Aliyelala Katika Kaburi la Rubani

KAMATI YA KUMBUKUMBU YA NDEGE, KIJIJI CHA KHUAITLANG
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA
Tarehe: Jumamosi, 4 Novemba 2023
Mahali: Darasa la Nne, shule ya msingi (ukumbi wa kijiji una mpunga)
Muda wa kuanza: Saa 7:20 mchana, badala ya saa 6:30

WALIOHUDHURIA (Pu ni Bwana, Pi ni Bibi)
Pu Hrangkima – Mwenyekiti, mjukuu wa aliyekuwa chifu wetu
Pi Zodini – Mwalimu na Mtafiti
Pu Thanseia – Mweka Hazina
Lalduhsaka – Katibu
Pi Darthangi, miaka 88 – mwalikwa, mpaliliaji wa kaburi la rubani

WASIOHUDHURIA
Mchungaji – kwa udhuru (maziko kijiji cha jirani)
Pu Biakthuama – bila udhuru, mara ya tatu

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO NA KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Mwenyekiti alifungua kikao na kukumbusha kwamba katika kikao cha sita baadhi ya wajumbe walikana maneno waliyosema. Aliagiza kwamba leo maneno mazito yaandikwe kama yalivyotamkwa. Katibu ametii.

Pu Thanseia alipinga kumbukumbu zilizopita kuandika kwamba kibati chenye namba ya ndege "kiligunduliwa kwenye banda la kuku." Alisema, "Sema nilikihifadhi, Katibu. Bila kuku wangu mngejua namba ya ndege?" Pi Zodini alijibu kwamba kuku hao walikihifadhi kwa mavi ya miaka arobaini na aliwashukuru. Kumbukumbu zilithibitishwa bila kubadilishwa neno.

KUMB. NA. 2/7: JIWE LA KABURI

Mwenyekiti alieleza kwamba jiwe limekamilika na liko nje ya darasa, limefunikwa gunia. Limeandikwa: "Hapa amelala rubani Desmond Thackrey, mgeni wetu, aliyeanguka na ndege yake Mei 1944." Alisema lisimikwe wiki ijayo, kwa kuwa familia ya rubani imealikwa mwezi Desemba.

Pi Zodini aliuliza ni nani aliyeagiza lichongwe kabla utafiti haujaisha. Mwenyekiti alijibu, "Utafiti gani tena, Mwalimu? Umepata namba, umepata jina, kaburi tunalo. Unataka afufuke akupe sahihi?" Pi Zodini alisema majibu ya familia yamefika jana, na aliomba wajumbe wakae vizuri kwenye mabenchi. Pu Thanseia alisema mabenchi ya watoto wa darasa la nne hayakaliki vizuri.

KUMB. NA. 3/7: TAARIFA YA UTAFITI

Pi Zodini alisoma barua ya Bi. Ruth Thackrey, binti wa rubani, akiitafsiri polepole. Bi. Ruth aliandika kwamba ameshukuru sana kualikwa, ila haelewi barua yetu inaposema kaburi. Baba yake alifariki mwaka 1997, nyumbani kwake, kitandani, akiwa na miaka sabini na sita. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfumba macho.

Mwenyekiti aliomba barua isomwe tena, ikasomwa tena, na haikubadilika.

Pu Thanseia alisema, "Haya. Sasa miaka yote hii tumekuwa tukimwekea maua nani?" Hakucheka, na Katibu anaandika hilo kwa sababu si kawaida yake.

Pi Zodini aliendelea na ukurasa ulionakiliwa kutoka daftari la rubani. Rubani aliandika kwamba alitua kwa tumbo la ndege katika shamba la mlimani siku ya mvua ya mawe. Kijana wa huko alimtoa kupitia dirisha. Nguo zake zilikuwa zimelowa petroli, hivyo kijana alimvua koti la ngozi, akamfunika kwa shuka yake mwenyewe, akabaki kifua wazi katika mvua ile. Rubani alimwonyesha kwa ishara avae koti, akalivaa. Kisha kijana akarudi ndani ya ndege kufuata sanduku la dawa, kwa kuwa rubani alikuwa akivuja damu kichwani. Ndege ikalipuka.

Rubani aliogopa moshi ungewaita Wajapani. Alitambaa hadi mtoni, akaokotwa na watu wa ng'ambo waliokuwa na chelezo, wakampeleka kwenye kambi ya jeshi. Aliuliza jina la kijana yule hadi vita vilipoisha na hakulipata. Alichokumbuka ni kwamba mkono wa kushoto wa kijana huyo haukuwa na kidole cha mwisho. Jeraha lilikuwa bichi, limefungwa kitambaa chenye harufu ya manjano.

Hapo Pi Darthangi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliomba neno hilo la mwisho lirudiwe. Lilirudiwa.

KUMB. NA. 4/7: KITABU CHA CHIFU

Mwenyekiti alisema daftari la mzungu aliyegongwa kichwa si ushahidi. Alitoa kitabu cha chifu, babu yake, alichokileta kwa ajili ya maonyesho ya Desemba. Kitabu hicho hukaa katika sanduku la bati nyumbani kwake, na Kamati imekiomba tangu kikao cha kwanza. Alisema atasoma ili mambo yaishe, na alisoma kwa sauti:

"Mgeni wa ndege amepatikana ameungua uso. Amevaa koti la ngozi la rubani. Mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Saa yake na bastola yake hazipo. Ngura, mwana wa mjane Lianpuii, hajaonekana tangu siku hiyo. Amemwibia maiti na kukimbia. Hukumu: mama yake atoe shuka yake bora ya kumzikia mgeni. Nyumba yake ipalilie kaburi kila mwaka kabla ya Krismasi. Nyumba hiyo ikifiwa, mtu asiende kuiimbia."

Mwenyekiti alisoma hadi mwisho, kisha alirudi juu kwa kidole hadi mstari wa mkono wa kushoto na akabaki hapo.

Wajumbe wote wanajua kwamba Ngura alikuwa kaka wa Pi Darthangi. Wanajua pia kwamba nyumba ile imeitwa "kwa mwizi wa maiti" mpaka leo, na watoto wa shule hii huonyeshana kwa mkono. Katibu anakiri hapa, bila kuulizwa, kwamba kijitabu cha historia ya kijiji cha mwaka 2010, ukurasa wa tisa, kilichoandika "Ngura, aliyeiba na kutorokea Burma," alikiandika yeye.

Pi Zodini aliongeza kwamba saa na bastola hazikuibwa. Rubani aliondoka nazo. Saa iko kwenye droo ya binti yake na bado inatembea.

KUMB. NA. 5/7: MANENO YA PI DARTHANGI

Pi Darthangi alikuwa ameitwa kwa jambo moja tu, kueleza wageni watapita njia gani kwenda kaburini. Alisema hatasimama, magoti yanauma. Maneno yake ni haya:

"Kidole kilikatwa na mtego wa nguruwe, wiki tatu kabla ya ndege kuanguka. Mtego aliutega katika msitu wa chifu, na msitu wa chifu ulikuwa haramu. Ndiyo maana alijificha kwenye kibanda cha shamba, asionekane mkono. Mama alituambia, mkisema tumekwisha. Hatukusema. Manjano niliyatwanga mimi. Nilikuwa na miaka tisa.

"Waliozika ni watu wa chifu. Mama hakuruhusiwa kusogea. Alikaa njiani, akawapa ile shuka, akarudi. Ilikuwa shuka aliyoifuma kwa ajili ya harusi ya Ngura. Alilia sana kwamba shuka ya mwanawe amevishwa mtu baki."

Hapa Pi Zodini alitoka nje na akarudi baadaye.

"Mama alipokufa nikapalilia mimi. Hakuna mwaka nimekosa, hata mwaka wa njaa. Na sikupalilia kwa moyo mzuri, msinisifu. Nilikuwa namsema. Kila mwaka namwambia, wewe mgeni umekufa na una heshima zako, kaka yangu anaishi huko aliko na anatukanwa kwa ajili yako. Niling'oa majani kwa hasira. Miaka sabini na tisa namnunia, kumbe ni yeye."

Pu Thanseia alisema, "Bibi, ulikuwa hujui." Pi Darthangi alijibu, "Najua sikujua, Thanseia. Hilo halinisaidii kitu."

Mwenyekiti aliuliza Kamati ifanye nini kumridhisha. Alitaja jiwe jipya, cheti, na kiti cha mbele Desemba. Pi Darthangi alisema jiwe watajua wenyewe. Alisema anataka mstari wa mwisho wa ile hukumu ufutwe. Kila nyumba ya kijiji hiki ikifiwa, watu huja, hukaa, huimba jioni baada ya jioni hadi wenye msiba waweze kulala. Kwao hakuja mtu. Mama yake aliimba peke yake kwa sauti ya chini, na mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa ilikatazwa na kwa kuwa hakujua kama anamlilia aliye hai au aliyekufa.

"Sasa najua amekufa," alisema. "Ningependa nifiwe kama watu."

KUMB. NA. 6/7: MAAMUZI

Mwenyekiti alisimama. Alisema mwandiko ule ni wa babu yake, na yeye amekaa na sanduku lile chini ya kitanda miaka thelathini, akijivunia, bila kulisoma. Aliomba kalamu, akaifuta hukumu mwenyewe mbele ya wajumbe. Kalamu ilitoboa karatasi. Hakuna aliyepinga, wala Pi Zodini hakukumbusha kwamba hati za kale hazifutwi.

Kikao kiliazimia kwa kauli moja:

Kwamba jiwe lililoko nje ligeuzwe, na upande wa nyuma uchongwe jina la Ngura, mwana wa Lianpuii.

Kwamba Bi. Ruth aandikiwe leo hii, aambiwe jina alilolitafuta baba yake.

Kwamba mpiga mbiu apite sasa hivi atangaze msiba nyumbani kwa Pi Darthangi. Watu wakusanyike kuanzia leo jioni, na nyumba isiachwe peke yake hadi atakaposema inatosha. Mwenyekiti ataanza kubeba mabenchi.

Pi Darthangi aliuliza, "Mtakuja kweli, au mnanipoza?" Mwenyekiti alijibu kwamba watakuja. Aliuliza tena kama watakuja wote. Alijibiwa wote. Alisema basi aruhusiwe atangulie, nyumba haijafagiwa, na hajawahi kupokea watu wengi, hajui wanawekwa wapi.

KUMB. NA. 7/7: KUAHIRISHA KIKAO

Ajenda ya chakula cha wageni haikujadiliwa. Kikao kiliahirishwa saa 9:50 alasiri bila sala, kwa kuwa wajumbe walikuwa wameshaanza kutoa mabenchi ya darasa nje, na Pi Darthangi alikuwa ameshafika barabarani, akitembea haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu.

Sahihi:

Hrangkima, Mwenyekiti ........................

Lalduhsaka, Katibu ........................