Pale Alipovunjika Ndelilio

Machame, 9 Juni 1974

Shangazi Eliaichi,

Shikamoo. Huku tu wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, na kahawa imeanza kuiva.

Juzi nilishuka Moshi kupigwa picha ya mgongo. Daktari aliiinua dirishani, akanionyesha pingili moja iliyobonyea. "Ulianguka lini kutoka juu? Jeraha hili ni la miaka mingi."

Nikamwambia sijaanguka popote maishani mwangu. Akasoma jina langu pembeni mwa picha, mara mbili. Kisha akasema operesheni haihitajiki maadamu miguu haifi ganzi. Nivae mkanda, nifanye mazoezi, nisibebe mizigo.

Shangazi, mwezi huu mdogo wangu Ndelilio anatimiza miaka kumi tangu aanguke kutoka kwenye mti wa msesewe akikata matawi. Sijamwambia mtu mpaka leo: baba alinituma mimi. Mimi nikamtuma yeye.

Wewe ndiye uliyemwosha kabla hatujamzika. Usiniandikie neno. Ukija mavuno, simama nyuma yangu, picha sitakuonyesha, uweke tu kidole mgongoni mwangu pale alipovunjika.

Mwanao,
Anaeli