Kashe Tuliyoichonga Bila Barua

Fundi wangu,

Salaam alaikum huko uliko. Nakuandikia nimekaa kwenye benchi letu mbele ya duka letu la kuchonga mihuri, hapa mtaani Bwiza, baada ya sala ya alasiri. Ndani siwezi kuingia. Polisi wamefunga mlango na kubandika karatasi, na wapita njia wanaisoma kwanza, kisha wananitazama mimi. Kesho natakiwa kusema mbele ya hakimu, Fundi, na sijui nifanye nini na jina lako.

Nikueleze yaliyotokea, maana uliondoka kabla hayajaanza. Siku hizi wanashitakiwa watu wa ofisini. Tulizoea kuona mwizi wa simu anaburutwa kwa shati. Sasa wanapandishwa kizimbani wenye tai, na redio inasoma majina yao asubuhi. Walipomkamata mkurugenzi mmoja aliyekuwa akitoa mafuta kwa vibali vya uongo, mtaa mzima ulishangilia. Sisi tuliosukuma pikipiki kwenye foleni za petroli! Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Siku ya nne polisi wakaja dukani na kibali kimoja mkononi, wakauliza nani aliyechonga kashe, kile kigongeo kilichopiga muhuri ule.

Niliitambua palepale. Herufi ya R ilikuwa na mguu mfupi, kosa langu la siku zote. "We Ramadhani, R yako inachechemea," ulikuwa ukinitania.

Miaka kumi na tisa ulinifundisha, na sharti lako lilikuwa moja: mteja alete kwanza barua ya ofisi yake. Hata shemeji yako ulimrudisha. "Apana, leta barua. Mi sichongi maneno ya mudomo." Na kila kashe mpya uliipiga mara moja kwenye daftari kabla haijatoka, ukaandika pembeni nani kaiagiza. Siku ile ukaniambia nichonge tu. Ulikuwa umelala kwenye mkeka nyuma ya duka, miguu imevimba, mikono inatetemeka. Nikauliza barua iko wapi. Ukageukia ukutani. "Chonga, mutoto wangu. Barua italetwa." Nikachonga. Nilijua hospitali ilikuwa imekataa kukupokea bila malipo ya kwanza, na jioni ile ile ukapokelewa. Nilijua pesa imetoka kwenye kashe ile, Fundi. Tusidanganyane sasa.

Tulipokuzika, imamu aliuliza, kama ilivyo desturi, nani atasimamia haki za watu kwa marehemu. Huna mtoto wa kiume, na Zaina yuko Uvira kwa mumewe. Nikanyoosha mkono mimi. Nikasema kwa sauti, "Chochote alichoacha Fundi kiko juu yangu." Watu wakaitikia amina. Nilidhani atakuja mtu kuulizia kashe aliyoiagiza, basi.

Leo maneno hayo yako kwenye faili. Mtu aliyekuwepo makaburini aliwaambia wapelelezi, na mwendesha mashtaka aliyasoma mahakamani kana kwamba nilitia sahihi: eti nilikubali mwenyewe kubeba kazi zote za duka. Nilijaribu kueleza kwamba kwetu Waislamu ndivyo tunavyomsindikiza maiti. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulisema au hukusema?" Nikajibu nilisema. Kuna watu walicheka.

Mkurugenzi, ninayeshitakiwa pamoja naye, anakuja mahakamani na mawakili watatu. Anasema hajui lolote, mafundi wa Bwiza ndio walioghushi muhuri wa ofisi yake. Amepewa ruhusa ya kulala kwake kwa sababu ya presha. Presha yangu mimi hakuna aliyeipima; niko nje kwa dhamana tu. Wakili wangu ni kijana mpole anayenitetea bure, na ananiambia nijiandae kwa miaka mingi. Mke wangu ameacha kuniuliza maswali. Anakunja nguo za watoto, anazikunjua, anazikunja tena.

Halafu juzi akaja mkeo, Mama Zaina, na daftari amelifunga kwenye kitenge. Polisi walichukua yote ya dukani, lakini hili la mwisho amelikuta chini ya godoro lako. Kashe ile imo. R yangu inachechemea, na pembeni kuna mwandiko wako: "Bila barua. Kaja mkurugenzi mwenyewe."

Kwa nini uliandika? Ungeuacha ukurasa mtupu, leo nisingekuwa na la kuchagua. Nimelia juu ya mistari ile miwili kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Daftari hili linamkamata yeye, na pengine linaniokoa mimi. Lakini linasema pia kwamba wewe ulijua. Leseni ya duka ina jina lako, na Mama Zaina anaishi kwa kodi ya chumba cha mbele cha jengo hilo. Wakili anasema wanaweza kulichukua duka lote. Nikamwambia Mama Zaina alirudishe daftari nyumbani, alichome. Alikataa. "Huyu hawawezi kumufunga tena, Ramadhani. We ndo watakufunga." Akaomba maji, akanywa, akaniachia daftari, akaondoka kwa miguu.

Nina hasira nawe. Nina hasira kwamba hukunitazama usoni ulipoomba. Ungeniambia ukweli wote ningechonga vilevile, ili upate kitanda, na hilo ndilo linalonitisha kuliko gereza. Sina usingizi, Fundi. Nikisali nasahau rakaa. Nimetafuta njia ya kukuficha wewe nikabaki salama mimi, sijaiona, na leo nimechoka kuitafuta.

Kwa hiyo kesho nitampa hakimu daftari. Nitasema mkono ulikuwa wangu na amri ilikuwa yako, na nitasema ulikuwa unakufa. Sitamngoja mwendesha mashtaka alitaje jina lako kwa dharau yake. Nitalitaja mimi, lote: Haruna mwana wa Saidi, fundi wa kashe, aliyenipa kazi nilipokuwa sina hata viatu. Nakuahidi Mama Zaina atakula nyumbani kwangu, duka liwepo lisiwepo. Wakinifunga, mke wangu atampikia. Nimeshamwomba, naye amekubali.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, akusamehe, anisamehe na mimi. Nakupenda, Fundi, na kesho asubuhi nitakushitaki.

Ramadhani wako