Kamera Inayonusa Hewa

Jumamosi, 5 Julai 2025

Imefika! Wifi yangu Zuhura kaituma na basi kutoka Dar. Kamera ya kumwangalia mtoto, nyeupe, nimeiweka juu ya kabati. Mwanangu Mansuri namwona kwenye simu, na baba yake Yusuph anamwona kule kazini, stesheni ya Kisaki. Akibonyeza, sauti yake inatokea humu chumbani. Na inanusa hewa! Ikiwa safi taa ni ya kijani, ikianza kuchafuka njano, ikiharibika nyekundu. Leo sijafanya kazi yoyote, natazama taa tu. Nesi alishaniambia: huyu kazaliwa kabla ya siku zake, kifua bado kichanga, moshi asiusikie kabisa. Sasa nina mlinzi.

Jumapili, 6 Julai

Mama mkwe kaingia kutoka Kinole. Ndizi, iliki, mdalasini, na kuku wa supu yangu. Kampakata mjukuu, machozi yakamtoka, na mimi nikalia. Mama yangu hayupo duniani — nani mwingine angenikanda? Maji ya moto kweli kweli, nusura nipige yowe. Ila mgongo mwepesi!

Kaiulizia kamera. Nikasema inapima hewa. Akasema yeye hewa anaipima kwa pua tangu azaliwe. Tukacheka sana.

Jumanne, 8 Julai

Baridi ya mlimani imetushukia huku mtaani kwetu Mafiga. Mama kaingiza jiko la mkaa chumbani, ubani juu yake. Mzazi hajatoka arobaini, lazima apate joto. Ndivyo alivyolelewa yeye, ndivyo alivyowalea wanawe. Nitamwambiaje? Mtu kanikanda, kanipikia, halafu nimwambie atoe jiko lake? Nikafungua dirisha. Akalifunga. Taa njano. Nyekundu!

Kabla sijapata ulimi, sauti ya Yusuph juu ya kabati: Mama, toa hilo jiko, mtoto anavuta moshi!

Hata shikamoo hakusema. Mama akalitazama kabati, akabeba jiko lake, akatoka. Taa ikarudi kijani. Furaha na aibu, vyote kwa pamoja.

Jumatano, 9 Julai

Mama kanikanda. Alipomaliza ndipo akasema: mwanangu kaniamrisha kutoka kabatini, shikamoo kaisahau. Na wewe Raya mdomo unao, ungeniambia mwenyewe. Ijumaa anarudi Kinole.

Nimempigia Yusuph, nimemsema vya kutosha. Anadai alishtuka, simu ilikuwa inampigia kelele mkononi kwamba hewa imeharibika. Shikamoo ingemchelewesha nini? Mama akiondoka, arobaini naimaliza na nani?

Jioni nikamfuata jikoni. Nikamweleza yote: nesi, kifua, woga wangu. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Kisha akauliza: na ile njano, maana yake nini? Nikamwambia. Akaendelea kumenya.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika kwa mkono mmoja, Mansuri yuko kwenye titi. Mfuko wa mama uko mlangoni, bodaboda kaagizwa.

Kaja kumuaga mjukuu. Kanyoosha mikono — kasita, macho kwenye kamera. Raya, taa yako imekuwa njano. Na jiko liko uani, halina hata moto! Akanusa. Plastiki, akasema. Akachungulia dirishani: jirani yetu Bonifasi anachoma takataka chini ya ukuta wetu. Dirisha akalifunga. Nyekundu! Akajifunga kanga kiunoni, huyoo nje.

Namsikia mpaka huku. Hujambo Bonifasi. Watoto hawajambo? Haya, zima huo moto, mjukuu wangu ana kifua kichanga na hewa yake imeshakuwa nyekundu. Kaanza na salamu, mama huyu! Natamani kumkumbatia.

Bodaboda anapiga honi. Hakuna anayemjibu. Nasikia ndoo za maji.

Na kabati nalo limeanza: Shikamoo mama. Shikamoo mama, ni mimi Yusuph. Mama, upo?

Nimemwambia asubiri. Mama yuko zamu.