Mwanya wa Milimita Moja

Jumatatu, 9 Machi
Nimefungua labo, maabara ya shule, saa moja. Wanaiita bado labo. Ni stoo ya zamani ya madaftari. Ukumbi wetu mrefu umepewa kompyuta. Nimebeba meza mwenyewe, nimefunga leza ndogo, mbele yake nyembe mbili zilizoachana milimita moja. Miaka kumi na tisa nawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa mwisho: mwanga unapita kwenye mwanya, ukutani unatokea ukanda mwekundu katikati, kisha giza, kisha vistari kila upande.

Leo hakuna giza. Doa moja tu, kingo zimefifia.

Mtu amegusa nyembe zangu.

Jumanne, 10 Machi
Nimepima mwanya kwa kipimo cha fundi wa pikipiki. Milimita moja kamili. Basi wamegusa leza. Nimebadilisha betri. Doa lilelile.

Funguo ni mbili: wangu, na wa Amisi, mwalimu mpya wa fizikia, mtu wa jimbo la Maniema, mwenye digrii. Mimi sina. Nilikuwa natengeneza redio sokoni, fizikia nikajifunza kwenye vitabu vya kuazima. Ijumaa mkaguzi anakuja kuamua kama labo inahitaji mtu wake, au Amisi anatosha. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Kabla ya kuondoka nimebandika unywele kwenye mlango.

Jumatano, 11 Machi
Unywele umekatika.

Nimemuuliza Amisi mbele ya walimu wote. "Niliingia kutafuta chaki tu, papa." Chaki, ndani ya labo! Mwalimu wa hesabu akacheka: "Papa Labo, sasa uko polisi?"

Nimemwandikia Prefe, mkuu wetu wa shule. Nakala tatu. Kabla ya saa sita Amisi alikuwa na karatasi mkononi: ajieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Nilimwona akiisoma. Sikumhurumia.

Doa bado ni doa.

Alhamisi, 12 Machi
Joto. Nimegeuza meza ili mlango ufunguke wote. Leza ilikuwa inawaka. Mwanga ukatoka nje, ukaenda mpaka ukuta wa mwisho wa korido. Nikaufuata.

Ukanda. Giza. Vistari. Vyote, safi kama zamani.

Nimekaa sakafuni na daftari. Mwanya mara mwanya, gawanya kwa urefu wa wimbi la mwanga mwekundu, milimita 0.00065. Jibu: mita moja na nusu. Ukuta lazima uwe mbali kupita hapo mara kadhaa. Ukumbi wa zamani: mita tisa. Stoo: mita moja na sentimita ishirini. Karibu namna ile mwanga haujapata nafasi ya kujipanga. Unaona kama kivuli cha mwanya wenyewe. Kitabu kimeandika hivyo. Ukurasa ule nilikuwa nauruka, kwa sababu ukumbi ulikuwa mrefu.

Nyembe hazikuguswa na mtu.

Nina aibu. Na hasira, sijui ya nani.

Ijumaa, 13 Machi
Mkaguzi amefika saa tatu. Nilitaka aone yote mawili, karibu ndani ya stoo, mbali kwenye korido. Huko mwisho, mita kumi na moja, lazima mtu ashike karatasi na kutia alama panapoanza giza. Aliyekuwa bila darasa ni Amisi peke yake. Nikamwomba.

"Papa, unatafuta mwizi akushikie karatasi?"

Nikampa karatasi na kalamu. Akaenda, akashika.

Hesabu yangu ya ukanda wa katikati: milimita kumi na nne. Amisi amepima kumi na nne. Mkaguzi akauliza wazo la korido ni la nani. Amisi angeweza kusema ni lake.

"Ni ya papa. Iyo njo kazi yake." Ndiyo kazi yangu: alisema hivyo mbele ya mkaguzi.

Nimebakishwa kazini.

Jumamosi, 14 Machi
Nimeomba kuiondoa barua yangu. Katibu wa Prefe anasema barua ikishapigwa muhuri haitoki kwenye faili. Bon, sawa. Nimeandika ya pili, ikae juu ya ile: nilimshitaki mtu bure, nilipima kila kitu isipokuwa chumba. Nakala tatu.

Nakala ya tatu nimempelekea Amisi nyumbani, nimepakiwa nyuma ya toleka, baiskeli ya kukodi. Aliisoma amesimama mlangoni. Akarudia mwanzo.

"Ingia, papa. Chai iko."

Nimekunywa vikombe viwili. Kipande cha unywele bado kiko kwenye mlango wa stoo. Jumatatu nitakitoa.