Nyumba Isiyojua Kusema Imejaa

Ngarenaro, Arusha
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na tena shikamoo, maana ya kwanza ni ya heshima, na ya pili ni ya kukuomba uisikilize barua hii mpaka mwisho kabla hujaanza kugomba. Najua Tekla ndiye anayekusomea kwa sababu ya macho yako. Tekla mdogo wangu, soma yote, usiruke hata pale ninapokusema wewe.

Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa konda wa basi ilifika, au imeishia Makambako? Mahindi mmeshapukuchua? Mimi huku ni mzima, baridi tu ndiyo inayonionea. Wenyeji wanasema inatoka mlimani. Nimewaambia hata sisi kwetu tuna milima ya Matogoro na haina visa hivyo. Wanacheka, wanasema mtu wa Songea ana maneno. Ni kweli ninayo, na juma hili nimeyatumia.

Barua yako nimeipata. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikapandwa na hasira, yote kwa karatasi moja. Unaniuliza kama wale wazungu wawili wenye mashanta walifika salama, maana waliondoka kwako asubuhi bila kumaliza uji, ukadhani umewakosea. Kisha unaniomba nikuandikie kwa Kiingereza namna ya kusema "hakuna nafasi", uyakariri maneno hayo, aibu ile isikupate tena. Hilo la Kiingereza nitalijibu mwisho. Wageni wako walifika, Mama. Walifika hapa hapa ofisini kwetu, na ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana Tekla ananiambia watu unawaambia napiga chapa. Sipigi chapa. Ofisi yetu ina tovuti. Ichukulie kama kibanda cha tiketi kilichowekwa ndani ya kompyuta. Mtu yuko kwao Ulaya, anachungulia, anachagua basi, anachagua gesti, anaweka nafasi kabla hata ya kupanda ndege. Yetu ni ya wasafiri wa bei rahisi, wale wanaobeba shanta mgongoni, wanakula mishikaki barabarani na kufua soksi zao wenyewe. Matajiri wa kuangalia simba wana ofisi zao, hawaji kwetu. Bosi wangu, Bwana Kimaro, alianza na kibanda cha kweli pale stendi, mabasi ya watu binafsi yalipoanza kugombea abiria. Intaneti ilipoingia mjini akasema hatabaki nyuma. Shemeji yake akamtengenezea tovuti, nami nikaajiriwa niikague, niseme wapi pabovu, kisha niipange upya.

Pabovu! Niseme wapi niache wapi? Nilikwenda kukaa kwenye intaneti kafe moja karibu na stendi, nikawaomba wageni waitumie tovuti yetu huku nawatazama bila kuwasaidia. Nilikaa kimya, na wewe mwenyewe unajua kukaa kimya kunavyonitesa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kubwa ya simba. Picha inafunguka polepole, kwanza masikio, baadaye macho, na mgeni analipia muda wake huku anamsubiri simba apate mdomo. Yeye anataka kujua basi linaondoka saa ngapi na atalala wapi, basi. Dada mmoja wa Kijerumani akabonyeza Songea. Ikatokea nini? Mlima Kilimanjaro!

Nikamwuliza bosi, "Songea na Kilimanjaro wapi na wapi?"

Akasema, "Sasa Skola, picha ya Songea nani anayo?"

Nikamjibu kwamba angeninunulia kamera angekuwa nayo. Akanuna, lakini simba nilimtoa na mlima nikaurudisha Moshi. Bwana Kimaro si mtu mbaya, Mama. Anapenda kushinda tu, kama mimi.

Tulikuwa kwenye hayo, pale ofisini, ndipo wageni wako walipoingia, mume na mke, na vumbi la kusini bado liko kwenye nywele. Walikuwa wamevimba kwa hasira. Wakasema waliweka nafasi ya chumba Songea kwa tovuti yetu, walipofika wakapewa kitanda cha mwenye nyumba. Nguo za mtu zimetundikwa nyuma ya mlango. Picha ya Moyo Mtakatifu inawaangalia usiku kucha. Pembeni gunia la mahindi, na uvunguni kuku anatamia. Na kulipopambazuka bibi mmoja akagonga mlango ameshika ndoo ya maji ya moto, wakadhani nyumba inaungua wanaitwa kuzima moto.

Mimi nilijua tangu kwenye kuku. Moyo Mtakatifu uko kila nyumba Songea, lakini kuku anayeruhusiwa kutamia chini ya kitanda cha mwenye nyumba ninamfahamu mmoja tu.

Tekla alikuwa ameshaniandikia kwamba mji ulijaa watu waliokuja kwenye upadrisho wa padri mpya, vyumba vyako vyote vinne vya gesti vina wageni, na wewe ukalala jikoni juu ya mkeka. Wewe na mgongo wako huo! Roho iliniuma, Mama. Umewapisha kitandani kwako, wao wanaona wametapeliwa.

Bosi aliwaomba radhi, akawarudishia fedha zao, akawasindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi hata hakukaa.

"Toa Songea," akaniambia. "Toa kusini yote, mpaka Tunduru. Leo hii."

"Kwa nini?"

"Watu wa kwenu waongo. Ukipiga simu wanasema nafasi ipo, mgeni akifika haipo. Wananiaibisha."

Waongo! Mama, neno lile lilinipanda mpaka utosini. Nikaviona vile vyumba vinne. Nikamwona marehemu Baba anafyatua tofali baada ya kupunguzwa kazi kule ushirika. Wenzake walikaa vijiweni wakilaani soko huria, yeye kiinua mgongo chake akakigeuza kuta. Vyumba hivyo ndivyo vinavyokulisha na kumsomesha Tekla, na sasa wageni wengi wanavijua kupitia tovuti hii. Leo mtu avifute kwa kidole kimoja?

"Sitoi," nikasema.

Shemeji yake akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Unasemaje?"

"Nasema sitoi. Na huyo bibi mwenye kuku ni mama yangu mzazi. Kama yeye ni mwongo, basi umeajiri mtoto wa mwongo, nifukuze sasa hivi. Ila kabla hujanifukuza nipe hiyo simu."

Akanisukumia simu. Nadhani alitaka kuona mwisho wangu.

Sasa Mama, unamkumbuka yule binti aliyekupigia akiongea kwa pua, akajiita Anjela wa Dodoma? Nilikuwa mimi. Usinune. Nilikuwa ninajua kwaya ya Mbinga imejaa kwako juma zima, na bosi alikuwa amesogeza sikio karibu yangu.

"Nafasi ipo, mama?" nikakuuliza.

"Karibu mwanangu, nafasi haikosekani," ukasema, kwa ile sauti yako ya kumkaribisha hata mbwa wa jirani.

Bosi akanikodolea macho: umesikia mwenyewe? Nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Nikakuuliza swali jingine. "Chumba cha kwanza amelala nani, mama?"

Basi ukafunguka! Chumba cha kwanza mwalimu wa kwaya, kifua kinambana, umempikia tangawizi. Cha pili wale wa sauti nzito, wanakula kama wametoka kulima. Cha tatu akina mama wa sauti ya kwanza, wanagombania kioo. Cha nne mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, mstaarabu sana, umemnunulia birika jipya la kutawadhia, na kwaya umeiomba isiimbe wakati wa swala zake.

"Na mimi nitalala wapi, mama?"

"Kitandani kwangu. Sasa mgeni nimrudishe wapi, mwanangu?"

Nikaweka simu chini.

"Uongo uko wapi hapo?" nikamwuliza bosi. "Umeuliza kama unaweza kupokelewa, amekwambia unaweza, na kweli angekupokea. Kwetu swali hilo halina jibu lingine. Mtu akipiga hodi haambiwi nyumba imejaa. Watu walipokimbia vita Msumbiji wakavuka Ruvuma, hakuna aliyewauliza kama wameweka nafasi. Ulipomwuliza amemlaza nani na wapi, amekuficha nini? Amekutajia mpaka kikohozi. Watu wa kwetu hawana kosa. Kibovu ni swali letu."

Akakaa. Akajikuna kidevu. "Biashara si parokia, Skola. Aliyelipia chumba apewe chumba."

Na hapo, Mama, usikasirike, nilimpa haki yake. Wale wazungu walilipia chumba, nao wana kwao na taratibu za kwao. Lakini kumkubalia hilo si kukubali Songea ifutwe. Nikamwambia anipe nafasi niipange sehemu ile upya, akiona haifai, mimi mwenyewe nitafungasha.

Nimeipanga hivi. Hakuna tena anayepiga simu kuuliza kama nafasi ipo. Kila asubuhi mtu wa ofisi atakupigia akuulize nani amelala chumba gani na anaondoka lini. Wewe utamsimulia kama kawaida yako, na bosi ameshaanza kulia kwamba simu itamfilisi kwa hadithi zako. Vyumba vikijaa, tovuti yenyewe itamwambia mgeni vimejaa, itamwelekeza kwa jirani yetu Mama Zuhura. Halafu nimeongeza sehemu nyingine chini yake, ya mtu anayetaka kupokelewa nyumbani kama mgeni wa nyumbani. Nimeandika wazi kabisa: utalala kwenye kitanda cha mwenye nyumba, Moyo Mtakatifu ukutani, mahindi pembeni, kuku uvunguni, na alfajiri utaletewa maji ya moto utake usitake. Asiyetaka asibonyeze. Na mwenye nyumba analala kwenye godoro, halali kwenye mkeka. Hilo nimeliandika ili likubane wewe, Mama. Godoro linakuja na basi.

Shemeji mtu akacheka, akasema nani atabonyeza kuku. Nikamwita yule dada wa Kijerumani, aliyekuwa bado yuko mjini. Akasoma, akacheka, akabonyeza kuku kabla hajauliza bei! Anaitwa Ulrike, atakuja kwako mwezi ujao. Hali nyama. Najua utaniuliza ni mgonjwa wa nini. Si mgonjwa, mpe maharage na mboga za maboga.

Bosi akavua miwani. "Haya, Songea ibaki. Lakini akirudi hata mmoja na malalamiko, mnaondoka wote wawili, wewe na Songea yako."

Nikamwambia, "Tukiondoka tutapanda basi la asubuhi, na kwa mama nafasi haitakosekana." Mwenyewe akacheka, ingawa alijaribu kujizuia. Lakini hakutania. Kazi yangu sasa imefungwa pamoja na vyumba vyako, na sijuti hata kidogo.

Nisalimie babu katekista, mwambie rozari yake bado ninayo na ninaitumia, hata ofisini. Shangazi wa dagaa wa Nyasa mwambie wale aliowatuma wamenukisha basi zima, konda amekataa kuwabeba tena, lakini walikuwa watamu. Mjomba fundi baiskeli asalimiwe sana na aache kuuliza nitaolewa lini. Mama Zuhura mwambie ajiandae, wageni wakizidi kwako watakwenda kwake. Tekla, piga picha nyumba, kamera ya kuazima ipo kwa mpiga picha wa Lizaboni. Mlima Kilimanjaro hautasimama tena mahali pa mama yetu.

Sasa lile la Kiingereza. Uliniomba nikuandikie namna ya kusema "hakuna nafasi". Mama, umeniomba mambo mengi nami sijawahi kukukatalia. Hili nakukatalia. Sikuandikii, na Tekla asithubutu kukufundisha. Wamebadilisha bei ya mbolea, wamebadilisha mabasi, wamembadilishia Baba maisha akiwa mtu mzima. Wewe hawakubadilishi, na mimi sitawasaidia. Mtu akipiga hodi, endelea kusema karibu kama ulivyokuwa ukisema mimi nikiwa bado mgongoni kwako.

Hiyo "hapana" niachie mimi. Nitaisema huku huku kwenye kompyuta, ndiyo kazi waliyoniajiria.

Mwanao aliyekataa,
Skolastika