Macho Yaliyosubiri Ng'ombe Langoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulipo hakuna wa kukusomea, najua, lakini mimi nikiwa na jambo kifuani siwezi kunyamaza, na hiyo si tabia niliyoirithi kwako.

Nakukumbuka jioni, ng'ombe wakirudi zizini. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa kidole wala kwa sauti; anayehesabu hivyo analitia nuksi kundi. Wewe ulitupa macho tu. Yaliruka pembe hadi pembe, na kufumba na kufumbua ulishajua nani hayupo. "Yule mwekundu wa nundu kubwa kabaki mtoni," ungesema, na kweli tungemkuta huko. Ndiyo maana majirani walikukabidhi ng'ombe wao uwachunge, nasi tukanywa maziwa yao.

Kisha ukaenda machimbo ya Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, gogo likakuangukia kisogoni. Ulirudi na kovu, unatembea vizuri, unacheka vilevile. Ila macho! Ukitaka kumtazama ng'ombe yalimpita, yakarudi, yakampita tena upande wa pili. Watu wakasema umelewa. Wengine walisema mengine, ambayo siyaandiki.

Ndipo akaja Mzee Masanja, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wote zizini mwetu. Alikusalimu "Mwadila," ukaitikia, akasema bila kuzunguka, "Nasikia macho hayakutii siku hizi. Nimekuja nijionee." Tulijua maana yake. Akiondoa wake, wengine wangefuata, na maziwa yetu yangekwenda nao.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, kiherehere kimenijaa. Kundi lilipokaribia nikataka kukuokoa, nikanyoosha kidole: "Moja, mbili, tatu..." Mama akanipiga mkono. Mzee Masanja akatema mate chini. Nilijua nimekumaliza.

Hukufoka. "Kabula, shusha mkono," ulisema. Ukaenda langoni, ukaacha nafasi ya ng'ombe mmoja kupita, ukakaza macho kwenye mti wa mlango. Hukuwafuata tena ng'ombe kwa macho. Uliwaacha waje wenyewe mbele ya macho yako, mmoja mmoja. Wa mwisho alipoingia ukasema, "Mzee, mtamba wako mweusi mwenye baka shingoni hayumo."

Tulimkuta kwenye shamba la pamba, anajilia. Mzee Masanja akaenda zake, ng'ombe wake wakabaki.

Nimekuwa muuguzi wa macho hapa Shinyanga mpaka nikastaafu. Siku niliyofundishwa habari hizi nilikuona wewe mbele yangu, nikashindwa kuandika. Kumbe jicho halijipeleki. Ndani ya ubongo ziko chembe za kulirusha, na nyingine za kulishikilia. Hizi za kushikilia zikinyamaza kidogo, jicho huruka, na zikirudi kazini hutulia. Na huko nyuma, kwenye ubongo mdogo, ziko zinazopima mruko usipitilize. Kwako gogo liliziumiza hizo. Hukusoma hata darasa moja, hapakuwa na daktari wa kukueleza, ukang'amua peke yako, tena mbele ya mtu aliyekuja kukuvunjia heshima. Nimewaelekeza wagonjwa wangu hila ile, na kila mara nimetamba kwamba ni ya baba yangu. Najivunia sana, Baba. Naandika hivi machozi yananitoka.

Lakini sikukuandikia kukusifu tu. Hukuuliza kamwe ni nani aliyempelekea Mzee Masanja habari. Ni mimi. Kisimani mabinti zake walinicheka kwamba baba yangu mlevi, nikawajibu, "Hajalewa, ni macho yake yameharibika." Nilidhani nakutetea.

Jioni ile, baada ya mtamba kupatikana, uliniita nile nawe, ingawa kwetu binti hali katika bakuli moja na baba yake. Ukanimegea nyama kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya wanaume wote.

Ulijua, sivyo? Nisamehe.

Mwanao aliyekuponza,
Kabula