Mtu Mbaya wa Alhamisi

Chumba cha Kurekodia,
Kituo cha Redio,
3 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na hao wajukuu wanakuacha upumzike? Mimi mzima wa mwili, ila nimechoka, Shangazi, hata kalamu naiona nzito.

Uliuliza harusi lini. Sijui. Mama wa mchumba wangu amenikataa kwa sababu ya mchezo wa redio ninaoigiza kila Alhamisi. Mimi ndiye yule mume katili. Muuza mkaa hanisalimii siku hizi, na fundi viatu ameniambia viatu vya mtu kama mimi hashoni. Mwanzoni nilicheka, sasa hamu ya kucheka imeniisha.

Jumapili nikamfuata huyo mama kwake nijieleze. Nikamwambia hadithi ina mhusika mkuu, tunayemfuata. Ina wasaidizi wa kumshika mkono. Na lazima awepo wa kumpinga, la sivyo mkuu hana la kushinda. Mimi nimepewa nafasi hiyo ya mwisho, na nikitoka studio naiacha hukohuko.

Alinisikiliza vizuri, mikono mapajani. Kisha akauliza, "Na hayo maneno unayomtolea mkeo, nani anakuandikia?"

Anayeandika ni mchumba wangu, na kwao wanajua kazi yake pale kituoni ni kupokea simu tu. Nilitaka kumsingizia mtu yeyote, lakini mwenyewe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akasema, "Ni mimi, mama."

Mama alipokea kikombe, akakiweka chini bila kukionja. "Nilishuku. 'Chakula hiki hata mbwa atakikataa.' Baba yako ndivyo alivyokuwa akisema. Nikimsikia tu huyu kijana, mwili unakufa ganzi."

Shangazi, kumbe muda wote nilikuwa namrudisha marehemu ndani ya nyumba ile! Niliona aibu, nikamwonea huruma, nikasimama niage.

"Kaa, mwanangu," akaniambia. Hajawahi kuniita hivyo, kwa hiyo kitambaa cha gauni unaweza kununua, ila usikishone bado.

Nikamwambia nitaomba huyo mume auawe upesi kwenye mchezo, nasi tupumzike. Akatikisa kichwa, akamgeukia bintiye.

"Asife bado. Kwanza mkewe amjibu."

Wakakaa kuandika, mama akisema, binti akifuta machozi. Alhamisi nitayapokea hayo majibu yote, hata nikiwa nimechoka vipi.

Nisalimie kaka fundi bomba na shemeji, na jirani yetu Bibi Kidevu asiyependa kusahauliwa. Mungu akupe usingizi mwema na miguu myepesi.

Wako akupendaye,
Mwanao wa kulea.